Picha za watu chini ya maji wakiwa na mavazi ya asili: nani hasa anaamua avae nini?

Jicho la Pwani (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kuna aina ya picha imejaa sana mitandaoni siku hizi. Dada kavalishwa vazi la kiasili, kazamishwa bwawani, kitambaa kimetanda huku na huku, macho kafumba, nywele zinaelea. Watu wanamwaga mioyo na "mashaallah" zao, kisha wanapita. Mimi napiga picha za majini. Mkate wangu unatoka kwa watalii na matumbawe, lakini picha za watu ndizo zinazoninyima usingizi, na hii aina imenikaa kooni. Sisemi ni mbaya, nyingine ni nzuri kupita kiasi. Shida yangu ni kwamba nikishamaliza kushangaa kitambaa, huyo dada simjui hata kidogo. Anatoka wapi? Anajua kuogelea au kashikiliwa na mtu asiyeonekana? Hilo vazi ni lake au limekodishwa asubuhi hiyo?

Nikaanza kufuatilia picha hizi zilianzia wapi. Mfaransa Louis Boutan alianza kupiga picha chini ya maji mwaka 1893 huko Banyuls-sur-Mer, kusini mwa Ufaransa. Mwaka 1899 akampiga mwenzake wa maabara, Mromania Emil Racoviță, akiwa chini baharini na suti nzito ya mzamiaji. Wengi wanaihesabu hiyo kuwa picha ya kwanza ya mtu chini ya maji. Angalieni kavaa nini: vazi la kazi. Hakuna urembo. Ni mtu aliyekwenda chini kwa shughuli yake.

Ruka hadi 1947. Mmarekani Toni Frissell yuko kwenye chemchemi ya Weeki Wachee, Florida. Mwanamke anaelea na gauni refu jeupe, na picha ikatoka kwenye jarida la mitindo. Ni picha ya ajabu, naikubali. Lakini hapo gauni ndilo lililopigwa picha, mwanamke kalibeba tu.

Kwa maoni yangu karibu kila picha ya aina hii tunayoiona leo ni mtoto wa mmoja kati ya hao wawili. Na sisi huku tumemrithi wa pili bila hata kumwuliza wa kwanza habari zake.

Sasa nije kwenye mavazi ya asili. Japani kuna wanawake waitwao ama. Wanazamia kwa pumzi moja kutafuta konokono wakubwa wa baharini na mwani, na wamefanya hivyo kwa vizazi vingi. Sehemu nyingi walikuwa wanazama na kitambaa cha kiunoni tu. Mwitaliano Fosco Maraini alifika kisiwa cha Hegura mwaka 1954 akawapiga picha hadi chini ya maji vilevile walivyokuwa. Leo ukienda Toba, kwenye kisiwa cha lulu cha Mikimoto, watalii wanaoneshwa ama wakizama na vazi jeupe kuanzia kichwani. Mgeni anarudi kwao akiamini kaona vazi la mababu. Kumbe lile jeupe lilienea karne ya 20, kwa sababu ya stara, kwa sababu ya macho ya wageni, na wengine husema kwa sababu weupe unafukuza papa. Ama wa leo aliyeko kazini kweli anavaa suti nyeusi ya raba, na huyo hawekwi kwenye kadi za posta.

Jirani yao Korea Kusini, kisiwa cha Jeju, kuna haenyeo, ambao UNESCO iliwaingiza kwenye orodha ya urithi mwaka 2016. Hao walikuwa na vazi lao la pamba, mulsojungi. Maji ya kule ni baridi, na pamba haizuii baridi, kwa hiyo walikuwa wanazama kidogo, wanatoka, wanaota moto ndani ya uzio wa mawe uitwao bulteok, wanarudi. Kwenye ule moto ndiko walikopanga mambo yao yote: nani mgonjwa, nani anaingia bahari ipi, binti wa nani anafundishwa. Miaka ya 1970 suti za raba zikaja, wakaweza kukaa majini saa nyingi, na moto ukapoteza kazi yake. Vazi likabadilika, na kikao cha kina mama nacho kikabadilika. Mpiga picha Hyung S. Kim hakuwarudishia pamba ili wapendeze. Alisimamisha kitambaa cheupe ufukweni, akawapiga wakitoka majini na raba zao, miwani usoni, nyavu mkononi, maji yakiwachuruzika. Ndiyo, zilipigwa nchi kavu. Lakini ukizitazama unahisi bahari kuliko dada wetu wa bwawani.

Na kwetu je? Picha za maana kuliko zote za mavazi na maji upande huu, kwa mtazamo wangu, ni za Mmarekani Anna Boyiazis, alizopiga Unguja kaskazini. Wasichana na kina mama wanajifunza kuogelea na mradi wa Panje Project kule Nungwi na Muyuni, wakiwa na suti za kuogelea zinazofunika mwili mzima. Zilishinda nafasi ya pili kwenye World Press Photo 2018, kundi la hadithi za watu. Ile suti asili yake ni burkini, iliyobuniwa mwaka 2004 na Aheda Zanetti, mama wa Kiaustralia mwenye asili ya Lebanoni. Haina hata uzi mmoja wa kwetu! Lakini inakueleza jamii ya Zanzibar kuliko kanga zote zilizotumbukizwa mabwawani, maana bila ile nguo yule binti asingeingia majini kabisa.

Hoja yangu ndiyo hiyo, wakuu. Asili ya vazi isitupofushe. Swali la kwanza liwe nani kalichagua na linamfanyia nini aliyelivaa. Nipingeni kwa hoja.

---

Kipanga255

Mkuu umeshusha gazeti. Mimi zile picha nikiziona usiku huwa nafunga simu, najua nguva huyo anakuja kuchukua mtu. Ila hapo kwa kina mama wa Korea umenishika. Tupe na upande wa ufundi, maana wengine tuna kamera, maji tunayaona kwa mbali tu.

---

Binti Mkunazini

Kaka Jicho, umesema mengi ya kweli, lakini umeongea kama mwanamume aliyeko nyuma ya kamera. Ngoja nikuongezee ya aliyeko mbele yake.

Kwanza, hilo la macho kufumba na nguo nyeupe. Huko Ulaya labda ni ndoto na malaika. Huku kwetu mtu aliyelala juu ya maji, kafumba macho, kazungushiwa nguo nyeupe, tunajua ni nani. Hiyo ni sanda. Mwaka 2011 meli ya Spice Islander imezama ikielekea Pemba, mamia ya watu wamekufa, na walioletwa ufukweni Nungwi walifunikwa kwa kanga. Halafu mtu anakuja kunipostia bibi harusi anaelea, eti sanaa ya Kiswahili. Hata bibi yangu hawezi kuitazama mara mbili. Kwa hiyo kabla ya kuuliza nani kachagua vazi, ulizeni pia nani atakayeitazama hiyo picha na anatoka nyumba gani.

Pili, stara. Nyie wapiga picha mnahangaika na kule chini. Chini ya maji kanga inaachana na mwili, inatanuka, mwanamke yuko huru na kajisitiri pengine kuliko alivyokuwa barabarani. Balaa lipo kwenye kutoka. Nguo ya pamba ikitoka majini inagandana na mwili wote, na hapo ukingoni ndipo wamesimama wasaidizi wenu wa kiume na simu zao. Nimealikwa mara moja kwenye kazi ya namna hiyo, hakuna aliyekuwa amefikiria hata taulo. Nikavaa viatu vyangu nikaondoka na nguo zangu kavu.

---

Jicho la Pwani

Bibie, hilo la kutoka majini liandikwe juu kabisa ya uzi. Kazini kwangu sasa huwa na mwanamke anayesimama ngazini na buibui kavu au taulo kubwa, na mtu mwingine yeyote haruhusiwi upande ule. Na la sanda nimelipokea. Macho wazi yanabadilisha kila kitu, ingawa maji ya chumvi yanawasha na mwenye kupigwa lazima azoee kidogo kidogo. Miwani nayo siyo dhambi. Haenyeo wanapigwa na miwani yao, na nyuso zinabaki nyuso.

Kipanga, ufundi kwa ufupi.

Maji yanakula rangi, na nyekundu ndiyo ya kwanza kuliwa. Ukifika mita tano hivi imeshakuwa kahawia. Na usihesabu kina peke yake, maji yaliyo kati yako na mtu nayo yanahesabika. Kwa hiyo sogea karibu, chini ya mita moja na nusu, na lenzi pana, na flashi kama unayo. Kama huna flashi, baki kwenye mita moja au mbili, jua likiwa juu. Kioo bapa mbele ya boksi la kamera, lile la kuzuia maji, kinakuza kitu kwa karibu theluthi moja na kukubania picha. Kioo cha kuba ndicho kinachokurudishia upana wa lenzi yako.

Nguo. Kanga mpya ina wanga, ifueni kwanza, la sivyo bwawa lote linakuwa ukungu. Ilowesheni na kuikamua kabla ya kuzama ili hewa itoke. Pamba inalowa na kutii. Buibui la poliesta linabana hewa na kupanda usoni, kwa hiyo shoneeni chubwi ndogo za mshipi kwenye pindo la chini. Ushungi ufungwe kwa pini zisizochomoka, na mkasi uwe mkononi kwa msaidizi.

Usalama siyo mapambo. Asiyejua kuogelea hazamishwi, hata kama ni dakika moja, hata kama ni mita moja. Na msimruhusu mtu apumue haraka haraka kabla ya kuzama ili eti adumu zaidi. Kufanya hivyo kunapunguza kaboni dayoksaidi mwilini, na hiyo ndiyo inayomwambia mtu apande juu. Ikipungua, anazimika bila dalili, tena mara nyingi akiwa karibu kabisa kutokeza. Mmoja anazama, mmoja anamtazama yeye tu, wala haangalii kamera.

---

Leso ya Nyali

Salamu kutoka Mombasa. Hapo kwa rangi nyekundu kuna jambo. Leso ya kisutu, ile ya harusi, ni nyekundu, nyeusi na nyeupe. Ukiishusha bahari ya ndani bila taa, wekundu wake unakufa, unabaki na leso ya matanga. Rafiki yangu mmoja alifanya hivyo kusudi: bibi harusi anashuka na kisutu kinazima rangi hatua kwa hatua. Mimi niliipenda, mamake hakuipenda.

Ndugu mleta mada, mbona umemsahau Nick Brandt? Huku Kenya tunamjua kwa picha zake za ndovu wa Amboseli, na ni mmoja wa waanzilishi wa Big Life, shirika la kuhifadhi wanyamapori, mwaka 2010. Mwaka 2023 alitoa mfululizo uitwao SINK / RISE, aliopigia Fiji. Watu wa visiwa vile wamekaa kwenye viti, vitanda, hata bembea, chini ya bahari, wametulia kama wako sebuleni kwao. Hakuna kubandika kwa kompyuta, wote walizama kweli. Na vazi? Nguo za kila siku! Hakuwavisha majani wala shanga. Bahari inapanda, hao ndio watakaohamishwa, na watahama na hizo hizo nguo walizozivaa. Nadhani inaunga mkono hoja yako.

---

Msanii Huru

Mnakubaliana mno, acha nivuruge. Mkisema vazi lazima liwe la kazi au la kila siku, mmeua nusu ya sanaa. Ayana V. Jackson, Mmarekani mweusi, mwaka 2023 alikuwa na maonyesho kwenye jumba la sanaa za Afrika la Smithsonian, Washington. Alianza na simulizi ya kubuni ya wawili wa Drexciya, wanamuziki wa Detroit: kwamba wajawazito wa Kiafrika waliotupwa baharini kutoka meli za watumwa walizaa humo humo, na watoto wao wakajenga himaya chini ya maji. Mavazi yote aliyowavisha watu hao ni ya kubuni. Hakuna aliyewahi kuyavaa popote, hakuna mvuvi wala mkulima wa mwani ndani yake. Na bado jamii nzima imo mle, tena ile ambayo haina picha hata moja kwa sababu waliitupa majini.

Kwa hiyo urembo siyo adui. Wavivu ndio adui.

---

Jicho la Pwani

Msanii, hapo umenibana vizuri. Lakini tazama: Jackson kwa kawaida anasimama mwenyewe mbele ya kamera yake. Anajua kwa nini kavaa alichovaa. Mimi sijasema vazi la kubuni ni uongo, nimeuliza nani kalichagua.

Na kama ni historia ya nguo, sisi tunayo hapa hapa. Unguja ya watumwa, mtumwa alivaa kaniki, kitambaa cheusi cha bei ya chini, na kujifunika kichwa hakukuwa kwake. Baada ya utumwa kukomeshwa kisheria mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa waliacha kaniki wakashika kanga, na baadaye buibui likafuata. Walijivika uungwana kwa mikono yao wenyewe. Mtu akinipigia picha ya mwanamke anavua kaniki chini ya maji na kanga iko tayari begani, hiyo nitaitazama siku nzima. Bado sijaiona. Ninachokiona ni kanga yoyote iliyopatikana dukani, tena imegeuzwa juu chini, jina halisomeki. Mwenye kanga angejua. Mwanamke wa pwani hawezi kuivaa bila kujua imeandikwa nini.

---

Mama Mwani

Assalaam aleikum wanangu. Nimesoma yote, nimecheka na nimesikitika. Mimi nalima mwani upande wa mashariki, huku Unguja. Mnatafuta vazi la asili la majini, mnakwenda hadi Korea, na sisi tuko hapa tumesimama majini tangu mwani ulipoanza kulimwa huku mwaka 1989.

Niwaambie tunavaa nini. Dera la zamani au gauni la mikono mirefu, chini suruali, kwa sababu jua la kwenye maji linachoma mara mbili. Kanga kiunoni tumeifunga mkaja, nyingine kichwani. Soksi nene au viatu vya raba, kwa sababu ya mashumu, wale wa miiba. Kanga ile ni kuukuu, imepauka, maana nzuri hatuingii nayo baharini. Mpiga picha akija anataka nikabadilishe, nivae mpya yenye rangi. Namwambia hiyo mpya ni ya harusini mwanangu.

Siku hizi maji yamepata joto, mwani ule wa bei nzuri unaoza pale kwenye maji madogo. Inabidi kusogea kwenye kina. Sasa kusogea kwenye kina kunataka kuogelea, na sisi wengi hatukufundishwa, tulikatazwa. Wako wenzetu Jambiani wanaofuga sifongo, hao wanavaa miwani ya majini juu ya ushungi na wanaingia kabisa. Wale wamejifunza ukubwani. Ukiwapiga picha wale chini ya maji, na ushungi wao na sifongo zao kwenye kamba, hutahitaji kumwambia mtu afumbe macho. Macho yao yako kwenye kazi.

---

Jicho la Pwani

Mama, shikamoo. Umenimaliza. Ndiko ninakotaka kwenda. Nifanyeje ili nisije kama wale wa kubadilisha kanga?

---

Mama Mwani

Marahaba mwanangu.

Usije na boti ya watalii. Anza kwa sheha, kisha uje kikundini ukae kikao na sisi bila kamera. Mwenye mume ataongea na mumewe mwenyewe, usiende wewe. Angalia kalenda yako: siku za bamvua maji yanatoka sana na sisi tunakimbizana na mwani, hatuna nafasi ya kuzungumza na mtu. Maji mafu ndiyo mazuri kwako, maji hayaendi mbio na hayachafuki. Kusi likivuma upande wetu usijisumbue, subiri kaskazi litulie.

Malipo yajulikane kabla, kwa kila mtu, si kwa mwenyekiti. Picha tuzione kabla hazijatoka, na atakayesema hii sitaki, unaifuta mbele yake. Na uje na mwanamke wa kushika kamera ya pili, maana wako ambao kwako hawatakubali na kwake watakubali.

---

Binti Mkunazini

Mama, mimi naogelea na kamera naishika. Kaka Jicho, nitumie ujumbe ndani, tuongee siku na nauli.